Bei ya Koliflawa Winnipeg

Huddersfield, 9 Oktoba 2023

Mwanangu Janine,

Nakusalimu wewe, namsalimu mumeo Craig, na yule bibi mdogo Edie mwambie babu yake anamsalimu mara mbili. Hamjambo wote? Mimi mzima. Goti ndilo linalalamika nikipanda ngazi, na mvua imeanza tangu Jumatatu, yaani hakuna jipya.

Barua yako imefika. Mstari wa mwisho nimeusoma mara tatu: "Baba, uza nyumba uje, chumba cha chini kiko tayari." Uliniambia maneno hayo uwanja wa ndege Manchester mwezi wa sita mlipokuwa mnahama, ukayarudia kwenye simu, na sasa umeyaweka kwenye karatasi. Haya. Na mimi narudia jibu langu. Nimeuza mboga soko la Huddersfield miaka arobaini na moja, na sihamii mahali nisipojua bei. Wewe andika bei za huko Winnipeg, Kanada, mimi niandike za hapa Uingereza, vitu vilevile. Ikionekana mzee mmoja anaishi kwa nafuu huko kuliko hapa, nauza nyumba nakuja. Ikionekana sivyo, tusisumbuane tena. Tena tuandikiane barua, maana kwenye simu sisi wawili tunachojua ni kusema "niko sawa, niko sawa" mpaka mtu anakata.

Naanza mimi. Maziwa, chupa kubwa, pauni moja na peni arobaini na tano. Mkate, pauni moja na robo. Koliflawa kwa Akhtar, yule niliyemwachia meza yangu, pauni moja kamili, na anaona aibu kunitoza hata hiyo. Simu, pauni nane kwa mwezi. Gesi ya kupasha nyumba, pauni kumi na mbili kwa wiki, na joto lake mpaka navua sweta. Basi napanda bure, nina kadi ya wazee. Samaki na chipsi ya Ijumaa usiniulize, siku hizi nakula chipsi peke yake, samaki kajiona mheshimiwa.

Kwa hiyo usinihurumie. Najimudu.

Baba yako


Winnipeg, 30 Oktoba 2023

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu wote. Goti hilo ulipake dawa, usiliache hivyohivyo kwa ukaidi wako. Sisi wazima. Edie ameng'oka jino la mbele na anamwonyesha kila mtu pengo, hata wasiotaka kuliona. Craig amepata kazi ya lori, anakwenda mbali lakini analipwa vizuri.

Eti bei! Baba, wewe ni wa peke yako. Watu wengine baba zao wanauliza kama kuna baridi. Lakini sawa, nimekubali, na usije ukaruka makubaliano yako.

Maziwa, dumu la lita nne, dola tano. Mkate dola mbili na nusu. Koliflawa dola tatu na nusu. Nyama ya kusaga dola kumi kwa kilo, na ni nzuri kuliko ya huko. Simu dola thelathini. Petroli ni rahisi mno, Craig anacheka kila akijaza tangi. Gesi ya nyumba tunalipa kidogo sana, humu ndani tunatembea na fulana nje kukiwa na theluji. Sasa zigeuze kuwa pauni mwenyewe, wewe fundi wa hesabu, uone kama hutafuti visingizio tu.

Chumba cha chini nimekipaka rangi mwenyewe, ya krimu, ile ya sebuleni kwetu mama alipokuwa hai. Kina dirisha dogo juu, asubuhi jua linaingia. Edie ameweka dubu wake kitandani "amshikie babu nafasi". Nakuomba, Baba. Hiyo nyumba yako ina vyumba vitatu na mtu mmoja.

Mwanao Janine


Huddersfield, 21 Novemba 2023

Mwanangu,

Salamu sana. Nafurahi mko salama, na hilo pengo la Edie nalitamani nilione. Mimi sijambo. Goti nimelipaka dawa, ondoa wasiwasi.

Nimesoma bei zako, nikazigeuza, nikazigeuza tena. Koliflawa dola tatu na nusu? Nchi ina theluji miezi mitano! Wanailima wapi, chini ya kitanda? Labda duka lilikuwa na punguzo siku hiyo. Nimeiandika hivyo, lakini kwa penseli.

Halafu umesahau bei moja, nayo ni mimi mwenyewe. Pensheni yangu inapanda kila Aprili, siyo sana, lakini inapanda. Nikihamia Kanada inasimama palepale ilipokuwa siku niliyoondoka, mpaka nife. Si maneno ya kilabuni haya, ndiyo sheria. Rafiki yangu Harold ana kaka aliyehamia huko zamani, na mpaka leo analetewa hela ya mwaka aliohama, haimnunulii hata viatu. Kwa hiyo kila mwaka nitakaokaa kwenu nitakuwa maskini zaidi kuliko mwaka uliopita, na atakayejazia ni wewe.

Huku gesi bado pauni kumi na mbili. Mkate palepale. Maziwa palepale. Uingereza haijafa, wanaitangazia msiba bure.

Mpe Edie busu. Dubu mwambie aendelee kulala, asinisubiri.

Baba yako


Winnipeg, 6 Januari 2024

Baba yangu,

Heri ya mwaka mpya. Ulikula wapi Krismasi? Kwenye simu ulisema "kwa watu", na mimi sijui watu ndio nani. Sisi hatujambo. Baridi imefika ishirini na nane chini ya sifuri. Gari usiku tunalichomeka kwenye umeme, la sivyo asubuhi haliwaki. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilidhani wananitania mgeni.

La pensheni tutalimudu, usilifanye ukuta. Bei ni kama nilivyoandika mwanzo, hakuna iliyobadilika. Samahani sijaandika kwa urefu, nimechoka tu. Nimetoka kazini sasa hivi. Wazee ninaowahudumia kwenye nyumba ya kutunzia wazee wako kumi na wanane, na leo wote wameamua kunikumbuka.

Edie amekuchorea picha. Ni wewe na yeye na mtu wa theluji, mwenye kofia ni wewe. Hakupata karatasi, akachukua aliyoikuta mezani.

Mwanao Janine


Huddersfield, 29 Januari 2024

Janine mwanangu,

Salamu. Habari za baridi hiyo? Mimi sijambo.

Picha nimeipata. Kofia imenipendeza, nimeibandika jikoni. Lakini kabla ya kuibandika niliigeuza, kwa sababu mimi ni mtu wa soko, karatasi yoyote yenye tarakimu naigeuza. Edie alichora nyuma ya risiti yenu ya dukani. Ndefu kama mkono wangu.

Koliflawa, dola nane kasoro senti moja. Siyo tatu na nusu. Sabuni ina bei yake, halafu chini kuna kodi, halafu kodi nyingine, kumbe bei unayoiona kwenye rafu siyo unayolipa. Hukuniandikia hilo. Na nyama nimeitafuta juu mpaka chini. Kuna tambi za pakiti kumi na mbili, maharage ya kopo, mayai, mkate wa jana wa bei ya chini. Nyama hakuna. Ya kuniandikia ilikuwapo, ya kupika haikuwapo.

Hayo yote ningeyanyamazia. Lakini kuna mistari miwili siwezi. Mmoja unasema: koliflawa, moja. Mwingine chini yake: koliflawa, moja, imeondolewa.

Janine, nimesimama nyuma ya meza miaka arobaini na moja. Najua mwanamke anavyofika na vitu vyake, anatazama vikijumlishwa, halafu anasema kwa sauti ya mtu ambaye hajali, "Hii iache, nimekumbuka tunayo nyumbani." Mimi nilikuwa najibu "sawa, mama", nageuka kama natafuta mfuko, nakitia kile kitu ndani bila yeye kuona. Mama yako alinigombeza kwa tabia hiyo mpaka akafa. Sikuwahi kudhani mmoja wao atakuwa mwanangu, tena mbali nisikofika hata kugeuka.

Kwa nini umenidanganya? Usinijibu "niko sawa".

Baba yako


Winnipeg, 17 Machi 2024

Baba,

Salamu. Nisamehe kukaa wiki sita bila kukujibu. Simu zako nilizipokea nikaongea habari za theluji, unajua mwenyewe. Barua yako nimekuwa nayo kwenye mfuko wa sare ya kazi muda wote huo, niliona aibu. Hata ile siku dukani sikuona aibu kama hii.

Na wewe usijifanye malaika. Barua zako zote tatu ziko hapa mbele yangu, na mimi pia nimejifunza kugeuza karatasi. Ya kwanza umeandika nyuma ya tangazo la maktaba ya mtaa: "Chumba cha joto, kila siku saa nne mpaka saa kumi, karibuni wote, chai bure." Ya pili vilevile. Ya Januari vilevile. Baba, mwenye moto nyumbani haendi kuandikia barua maktaba. Nikampigia Akhtar. Amesema gesi umeizima tangu Septemba, unalala na koti, na Krismasi "kwa watu" ilikuwa ni kwake. Yeye ndiye aliyekuja kukutoa kwa nguvu. Pauni kumi na mbili na sweta unavua! Hukuona haya?

Haya, tuseme kweli sasa. Nilipunguza bei ili uje. Kodi ya nyumba sikuiandika kabisa kwa kuwa inakula nusu ya mshahara wetu. Simu ni dola sitini na tano. Bima ya gari nikikutajia utakaa chini. Craig alilazimishwa kuanza leseni ya lori upya kana kwamba hajawahi kuendesha, na mkopo wa mafunzo hayo bado tunaulipa. Hela anayopata ni nzuri, ila anaondoka wiki mbili, anarudi siku mbili, na siku zenyewe analala. Mimi natoka kazini jioni. Edie anachukuliwa shule na Oksana wa mlango wa pili, anakaa naye mpaka saa kumi na mbili, dola mia tano na ishirini kila mwezi. Oksana ni mtu mwema lakini ana wanawe watatu, na Edie akirudi haongei. Anakwenda kukaa chini, kwenye chumba chako, na yule dubu.

Nimechoka, Baba. Sina neno lingine zuri zaidi. Nilikutaka hapa mpaka nikaandika uongo, na sasa nimeona haki yako ni kuambiwa ukweli: hesabu haikuruhusu kuja. Maisha huku ni ghali kuliko huko, pensheni yako itasimama, na mimi sina cha kujazia. Usiuze nyumba. Usije. Nakuomba tu uwashe gesi, hata chumba kimoja.

Mwanao Janine


Huddersfield, 8 Aprili 2024

Mwanangu Janine,

Nakusalimu, na wenzako wote. Mimi mzima, na nimewasha gesi chumba kimoja, Akhtar ni shahidi. Naye nimemwambia ana mdomo mpana kuliko meza niliyomwachia.

Umenikamata. Na mimi nilipunguza bei, ili nisije. Sasa nikueleze kwa nini, maana hata mama yako sikumweleza. Unamkumbuka bibi yako, mama yake mama? Alikaa kwetu miaka sita kwenye chumba cha mbele. Mtu mpole, hakuomba kitu. Na mimi, Janine, nilikuwa nahesabu vipakiti vya chai alivyokunywa. Kila Jumamosi nilifungua kopo nahesabu, ilhali hela ya chai nilikuwa nayo. Sikumwambia neno lakini alijua, kwa sababu mwishoni alikuwa anatumia kipakiti kimoja mara mbili. Mungu anisamehe. Ulipoanza kuniita, kila ulichoandika kilikuwa kizuri: joto lipo, nyama ipo, hela ipo. Nikajiambia, hawa hawana pengo lolote, ninakwenda kukaa chini ya nyumba ya watu wanywe chai yao wakinihesabia yangu. Ungeniandikia Oktoba haya uliyoandika Machi, ningekuwa huko zamani.

Hesabu zako nimezipiga mara mbili na uko sahihi, zinasema nisije. Nimezipiga mara ya tatu, nikaziweka kando. Nyumba imetangazwa kuuzwa tangu Alhamisi. Viza na bima ya afya vitatafuna sehemu kubwa ya kitakachopatikana, ndani ya dakika tano tu wakala wa bima alitaja umri wangu mara nne. Pensheni isimame inapotaka. Juzi nilikwenda makaburini kumwambia mama yako, nikakaa mpaka mvua ikanifukuza. Sikupenda kumwacha, na sitajidai nilipenda.

Tukienda dukani utachukua koliflawa, na nikikuona unairudisha tutagombana mbele za watu.

Basi hii ndiyo orodha yangu ya mwisho. Maziwa, ghali kwenu. Simu, ghali kwenu. Koliflawa, wizi mtupu. Mtu wa kumchukua Edie shule na kukaa naye mpaka saa kumi na mbili: futa dola mia tano na ishirini, andika bure.

Baba yako