Yule Bwana Hakuangalia Miguu

Kisangani, Jumamosi, mvua imekatika

Yaya Salima wangu,

Mimi mdogo wako Zaina nakusalimu, wewe na shemeji na nyumba nzima ya Kasongo. Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua umeipata? Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Kabla hujaendelea, angalia bahasha. Nimeishona kwa uzi mweusi, mishono saba. Ukikuta sita, au uzi wa rangi nyingine, ujue imeshasomwa, na umuulize vizuri aliyekuletea. Ni mfanyabiashara wa baiskeli, uso wake mzuri sana, na siku hizi uso mzuri ndio unaonitia wasiwasi. Kwenye phonie siwezi kuongea. Ile redio chumba kizima kinasikiliza, na mwenye redio ndiye wa kwanza.

Anifa wako ni mzima. Naliandika hilo mapema ili moyo wako utulie, maana yanayofuata hayatulizi. Hayuko kwangu tena. Nitakueleza alipo na sababu yake, soma taratibu.

Timu ya mpira ya commune yetu, kata yetu hapa mjini, iko na kikundi cha mabinti wa kushangilia, kumi na wanne, Anifa mmoja wao. Wanaimba, wanapiga makofi, na bao likiingia wanaruka miguu imepanuka hewani. Waliposikia kwamba masista walinifundisha gymnastique zamani shuleni, wakanifuata mpaka kwenye cherehani yangu kuniomba niwafundishe. Ungewaona, Yaya. Walikuwa wanaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Kichwa kinainama kutafuta miguu, mgongo unapinda, halafu wanatua magoti yamekaza, kishindo cha gunia la mihogo.

Nikaanza na kutua. Wiki mbili hakuna kingine, kutua tu: vidole kwanza, kisha kisigino, magoti yanalainika. Nilikuwa nafumba macho, na nikisikia kishindo tunaanza upya. Baadaye mikono. Mikono inatangulia juu, imekaza, ndiyo inavuta mwili. Kifua kinabaki wima, na miguu ndiyo inapanda kuifuata mikono, si mikono kushuka kuitafuta miguu. Halafu nyonga, na hapo ndipo kilio kilipokuwa. Mwili baridi hauvutwi, utachanika. Kwanza walikimbia kuzunguka uwanja mpaka jasho litoke, ndipo walale chali, kitenge kizungushwe kwenye unyayo, mguu uvutwe polepole kuelekea bega, goti likiangalia nje. Kisha wanakaa kama chura, magoti yamefunguka, wanapumua tu mpaka nyonga ikubali yenyewe. Miezi mitatu hivyo, na mtoto wako miguu yake ikawa inafika mabegani. Nilikuwa najivuna, nakwambia ukweli.

Mmoja tu ndiye alinishinda, Mado, mjukuu wa koko mmoja wa wavuvi wa kwenye maporomoko. Kucheza ndombolo aliwashinda wote, lakini akiruka, anatua kwa makalio, halafu anacheka kabla yetu. Papa yake na mama yake walikwishakufa, analelewa na huyo bibi.

Bon. Vita hapa imekaa kama mgeni asiyeaga. Ndege za askari zinatua Simi-Simi kila siku, zinaleta nini, zinachukua nini, hatuulizi. Lakini mpira unachezwa. Siku moja uwanjani akaja bwana mmoja, suruali imepigwa pasi, cahier ya kuandikia mkononi. Akasema ametumwa na wakubwa, wanatafuta mabinti wa kupokea wageni na kuzunguka miji mingine kwa ndege kufanya animation, kuimba na kucheza mbele ya watu. Watakula vizuri, watavaa vizuri. Mabinti wakafurahi mpaka nikashindwa kuwanyamazisha.

Mimi nilimtazama yeye. Mtu anayejua kuruka, Yaya, anaangalia miguu inavyotua. Hata mtu asiyejua anaangalia juu, anashangaa. Yule bwana hakuangalia miguu hata mara moja. Aliangalia sura, akaandika, akaniinamia na kuuliza:

"Huyu anaishi na nani?"

"Na wazazi wake."

"Na ule? Papa yake iko hapa?"

Nikamuuliza kuhusu mabinti wa commune nyingine, waliochukuliwa kwa ndege kabla ya mvua kuanza. Akasema wako salama, wanasalimia. Wanamsalimia nani, hakusema. Damu yangu ilimkataa palepale. Akaondoka akisema atarudi Jumatano alasiri kuchagua.

Donc nikajifanya mwerevu. Jumatano sikuwakimbiza, sikutoa vitenge, sikuwafungua nyonga. Niliwasimamisha mstarini kimya saa nzima, miili ipoe. Nilijua kwamba hivyo hakuna mguu utakaopita kiuno, bwana ataona kikundi cha ovyo, atafunga cahier yake aende kwingine. Anifa akaninong'oneza: "Tantine, leo umesahau nyonga." Nikamwambia asimame kwenye mstari. Mtoto wako kichwa ngumu kama wewe, akaomba ruhusa ya kwenda chooni, na huko nyuma ya ukuta akajinyoosha peke yake. Zamu yake ilipofika aliruka, Yaya, sijawahi kuona kitu kama kile. Na wengine wote waliruka vibaya kama nilivyopanga. Mado alikaa kwenye tope.

Bwana akasoma majina sita. Anifa yumo. Na Mado yumo, tope bado linamtiririka. Béa, anayeruka vizuri baada ya Anifa, hakutajwa, na papa yake Béa tunaishi naye mtaa mmoja. Nikayapitia yale majina sita kichwani. Hakuna hata mmoja mwenye baba hapa mjini. Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Nilikuwa nafanya hila juu ya nyonga na kutua, na yeye kuruka hakukuwa kazi yake kabisa. Hata wangesimama kama miti angewachagua walewale. Ndege, alisema, ni Jumatatu.

Sasa nikuambie lililo baya zaidi, nilimshuku Anifa. Ijumaa mchana nilimwona karibu na lango la uwanja anazungumza na yule bwana, kichwa kimeinamishwa, viatu vipya mguuni. Nilirudi nyumbani bila kumwita. Alipoingia nilikuwa natwanga ndizi za lituma, na sikuacha kutwanga.

"Viatu umepewa na nani?"

"Béa aliniazima."

"Na ule bwana mulikuwa munasema nini?"

Akakaa chini. "Nilimuuliza majina ya babinti ba kwanza, Tantine. Bale balienda na ndege. Nilisema iko rafiki yangu kule, nataka kumutumia salamu, anitajie majina nimukumbuke."

"Akasema?"

"Alicheka. Nikamwambia moja tu, hata moja. Hajue hata moja, Tantine. Na yeye mwenyewe ndiye alibaandika."

Niliacha mchi nikamkumbatia, ndizi zimeninata mikononi. Nilikuwa nimemdhania vibaya mtoto aliyekwenda peke yake kuuliza swali ambalo mimi mtu mzima niliogopa kuuliza. Nimemwomba msamaha, na wewe nakuomba.

Jumamosi alfajiri alipanda toleka, ile baiskeli ya abiria, na nguo zake ndani ya mfuko wa mchele. Yuko Bengamisa kwa mjane wa mjomba wetu, analima naye. Nimepata habari kwamba alifika. Usimtume mtu kumfuata, na usimtaje kwenye phonie, hata kwa kumsalimu. Bwana alipokuja kumwuliza nilisema ameolewa, amefuata mume. Mtu akiuliza huko Kasongo, kaolewa.

Kabla ya kuondoka Anifa alitaka niwaendee wale watano wengine. Nilikwenda. Watatu walielewa haraka, wakafichwa na ndugu zao. Wa nne alisema tuna wivu. Kwa Mado nilifika mchana, koko yake anakausha samaki. Yaya, nilimtazama yule bibi nikajiuliza, akienda kumwambia yule bwana, mimi nitapona? Simjui vizuri. Watu wanasemana siku hizi kwa kitu kidogo. Kwa hiyo sikumwambia habari za majina, wala habari za mababa. Nilimwambia tu kwamba nyonga ya Mado haijawa tayari, afadhali asubiri msimu mwingine.

Alishangaa. "Lakini Mwalimu, si bamemuchagua?"

Nikasema ndiyo. Nikaaga.

Jumatatu jeep ilichukua wawili, Mado na yule wa wivu. Leo ni wiki ya tano, hakuna neno. Kikundi kimekufa, mabinti hawaji tena, na mimi nashona sare za watu.

Nisalimie shemeji, na Mama Mkubwa aliyetulea, na binamu yetu seremala, mwambie ile meza ya cherehani haijatikisika. Mwombe mzee wa msikiti awataje katika dua mabinti wawili Wakristo. Asiulize zaidi.

Kila Jumamosi koko yake Mado anapita kwangu. Leo asubuhi pia amekuja, na liboke ya samaki, imefungwa vizuri kwenye majani, bado ya moto. Amenipa akiwa ameinama, mimi mdogo kwake. "Mwalimu, Mungu akulipe. Bila weye Mado angebakia hapa tu na mimi."

Nimepokea kwa mikono miwili.

Mdogo wako,
Zaina