Kipimajoto Kisicholia

4 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, wewe na huyo mjukuu wako asiyechoka kuongea. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kwa kumnyanyua bibi ninayemtunza, mzito kama kabati na mkaidi kuliko wewe.

Nimempa jirani anayerudi huko kifurushi chako. Ndani kuna kipimajoto. Homa za Chiriku zimenichosha roho. Kila mara naambiwa "alichemka kidogo". Kidogo ndiyo ngapi? Ukimpima kwenye paji la uso, acha kifuniko, mfute jasho kwanza. Ukimpima sikioni, toa kifuniko, vuta sikio juu na nyuma taratibu, bonyeza, subiri kilie tii. Ikizidi thelathini na nane mpeleke zahanati, usingoje.

Halafu Baba, hili la simu. Kila Jumapili napiga, Chiriku anapokea, anasema "Babu ana kazi," na mimi nakusikia unakohoa hapo hapo. Tangu niondoke hujazungumza nami hata mara moja. Kama bado una kinyongo kwamba nilikuja huku bila ridhaa yako, niambie tu.

Binti yako,
Mama Chiriku

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Pole na mgongo, na huyo bibi mwambie atembee, miguu alipewa ya nini?

Kifurushi kimefika. Kitu chenyewe kizuri, kimekaa mkononi kama bastola ya kuchezea. Nimempima Chiriku sikioni, kikasema thelathini na nne na nusu. Nikamtazama mtoto: anaruka kitandani na mkate mdomoni. Joto gani hilo? Tena hakilii. Nabonyeza, nasubiri, kimya. Wamekuuzia kibovu. Usijali, baba yako ni fundi redio, kitalia tu.

Simu zenu sizipendi. Maneno yanapita, yanapotea. Barua inakaa. Wewe andika.

Baba yako,
Fundi

15 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Za nyumbani, za kazini? Huku salama, na bibi ameanza kutembea mpaka dirishani.

Umekitia sikioni na kifuniko chake, ndiyo maana. Toa kifuniko. Na bisibisi kaa nayo mbali, tafadhali!

Baba, nimekuuliza jambo moja umenijibu lingine. Siku ile ninaondoka niliinamia begi langu pale getini, nilishindwa hata kukutazama, nikakwambia, "Baba, nisamehe, nibariki." Ukafunga geti. Hilo linaniuma mpaka leo. Nimezungumza na dada, yuko tayari kumchukua Chiriku shule zikifungwa. Siwezi kumwachia mtoto wangu mtu asiyetaka hata kunisalimia. Kama nimekutwisha mzigo, sema.

Binti yako,
Mama Chiriku

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Afya zetu nzuri. Chiriku asiende popote. Nalisema hilo kwanza lisije likapotelea kwenye mengine.

Kifuniko nimekitoa, na bisibisi nimeitumia. Nimekifungua, nimekagua kila waya. Kispika chake kizima, betri nzima, nimekifunga. Bado hakilii. Tena kina ubaguzi! Paji langu 36.5, sikio la kulia 36.6, la kushoto 35.2. Nimerudia kabla ya chai, nimerudia baada ya chai, la kushoto liko pale pale. Chiriku masikio yake yote sawa. Haya, la kulia lilikufa nikiwa kijana, wote mnajua, na ndilo lenye joto la mtu. Hili ninalolitegemea ndilo linalopewa joto la maiti. Mashine gani hiyo? Mrudishie aliyekuuzia.

Na Chiriku asiende popote.

Baba yako,
Fundi

19 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Jumapili Chiriku alipokea simu huku anampima mwanasesere wake. Nikasikia tii. Mimi, niliye huku! Nikamwambia abonyeze tena. Tii. Nikamuuliza Babu yuko wapi. "Hapa, kaniegemea." Nikamuuliza kama unakisikia. Akashusha sauti, na unamjua, yule hajui kunong'ona. Kisha akasema, "Babu hasikii mpaka aniangalie usoni. Ila kasema nisiseme."

Kipimajoto ni kizima, Baba. Ni sikio lako. Huyu bibi ninayemtunza naye aliwahi kuzibwa sikio na nta, na muuguzi wake ananiambia nta ikijaa kipimajoto hakifikii ndani, kinasoma chini. Huenda ndiyo hiyo tu. Nenda zahanati. Ukienda, mtoto anabaki kwako, hilo nakuahidi. Nenda, Baba, nakuomba.

Binti yako,
Mama Chiriku

8 Juni

Mama Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Bibi ameshatoka nje? Sisi wazima kuliko ulivyotuacha.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu niliogopa. La kulia lilianza hivi hivi, kidogo kidogo, mpaka likazima. Nikajua na hili linafuata. Fundi redio kiziwi, nani atamletea redio? Nilikuwa naweka kiganja kwenye spika nione kama inatetemeka. Na kubwa zaidi, nilijua ukipata habari utamchukua mtoto. Nani amwachie mtoto mtu asiyesikia akiitwa? Simu nikaikimbia kwa hilo. Kinyongo sina, sijawahi kuwa nacho.

Nimekwenda. Daktari akachungulia, akacheka, akanipa matone ya kulainisha. Niliporudi akapiga maji ya uvuguvugu sikioni kwa bomba la sindano. Kilichotoka sikutajii, huenda unakula. Nikasikia mngurumo nikadhani ni lori, kumbe feni. Nyumbani nikajipima: 36.6, na kikalia tii, kisauti chembamba cha kuudhi. Chiriku akapiga makofi. Kumbe mtoto huyu ana kelele! Anaongea hata usingizini.

Siku ile ya getini uliinama, sikuuona mdomo wako. Sikusikia hata neno moja, mwanangu. Nilifunga geti haraka usinione nalia.

Ulichoniomba siku ile ninacho, ila sikiandiki hapa. Piga Jumapili, nitapokea mwenyewe. Ukiona kimya mwanzoni, usikate. Nitakuwa nakusikiliza.

Baba yako,
Fundi