Jicho la Kulia Kwanza

Jumatatu, 6 Mei 1996

Majani yangu ya chai yamekataliwa! Yangu! Kilo kumi na nane nimebeba mgongoni mpaka kituoni, halafu karani Chege anayamwaga juu ya gunia mbele ya watu, anachambua kama mtu anayetoa mawe kwa maharagwe. Majani mawili na chipukizi, ndivyo chai inavyochumwa — nusu ya wanawake kwa ile foleni ni mimi niliwafundisha. Chege akasema, "Shosho, haya ni ya mbuzi." Wakacheka. Mimi si nyanya yake. Kilo saba nimerudishiwa kwa kikapu.

Nilianza na miche mia tatu, mjane mpya, bila mtu. Leo ni vichaka elfu nne na mia mbili. Chege alikuwa wapi?

Kuna mtu amempa kitu huyo.

Alhamisi, 9 Mei

Leo tulienda kituoni na Bonareri, anayenichumia majani miaka hii yote. Kikapu chake kimepita. Changu — kilo tano zimekataliwa. Njiani nikamsema Chege mpaka darajani. Bonareri akashusha kikapu chake. Halafu: "Mama Weldon, usinikasirikie. Chege hana makosa. Unachuma ngumu na laini pamoja."

Nikamwambia mikono yangu inajua kazi.

"Mikono ndiyo. Na macho?"

Nikaongeza mwendo. Nyumbani nimefunika jicho la kushoto, nikaangalia kalenda ukutani. Moshi mtupu. Nimefunika la kulia — tarehe naziona, lakini mpaka nisogee karibu kuibusu kalenda. Sasa hata hapa naandika herufi kubwa na kuruka mstari.

Mwanangu Weldon asijue. Akijua, kwisha.

Jumapili, 12 Mei

Weldon amekuja kutoka Kericho na nyama. Mtoto mzuri, sikatai. Nimemmiminia chai nikiwa nimeweka kidole ndani ya kikombe nijue imefika wapi. Kimeungua. Nikatabasamu.

Akaanza ule wimbo wake: nyumba hii ina moshi, choo kiko mbali, njia inateleza. "Mama, njoo ukae na sisi mjini. Shamba tukodishe. Mwaka mmoja tu."

Mwaka mmoja! Jirani yangu Mzee Kipsang alienda kwa kijana wake kule Kabianga kupumzika kidogo. Sasa chai yake imeng'olewa, kuna mahindi ya mtu mwingine, na yeye anakaa kwa kiti cha plastiki akiulizwa kama amekunywa uji. Nikamwonyesha Weldon kadi ya kliniki: presha 140 juu ya 85, na dawa sikosi hata siku moja. Nani kati ya watu wa umri wangu ana namba kama hizo? Akaangalia kidole changu.

Jumatatu, 13 Mei

Mungu wangu.

Acha niandike. Asubuhi nilipulizia ng'ombe dawa ya kupe. Ndoo imetoboka, nikachanganyia kwa jagi la jikoni — mimi, ambaye nimegombeza kila mtu hapa asiweke dawa kwa chombo cha kula! Ile dawa ikiingia maji inakuwa nyeupe pe. Iliyobaki nikaiweka pale mezani, nimalizie miguu ya yule ndama baadaye. Maziwa nayo yalikuwa kwa jagi lile lingine.

Bonareri akaja amelowa mvua. Mgeni haondoki kwangu bila chai. Nikaweka maji, majani, nikamimina maziwa. Pua imeziba na homa tangu juzi, sikusikia harufu yoyote. Akaweka mdomoni. Akatema mpaka ukutani!

"Mama Weldon! Unaniua? Hii ni ya kupe!"

Akasukutua, akasukutua. Nikakimbia kumletea maziwa. Akanisukuma mkono: "Maziwa? Tena?"

Tulienda zahanati kwa miguu kwenye mvua, mimi nikiomba kwa Kipsigis, yeye akiomba kwa Kikisii. Daktari amesema hakumeza, lakini akae akiangaliwa. Akauliza ni nani aliyemwekea. Bonareri akajibu upesi, "Ni bahati mbaya tu, daktari." Hakunitaja.

Ningekunywa peke yangu, nani angetema kwa niaba yangu?

Jumanne, 14 Mei

Bonareri hajaja kuchuma. Nimetembea mpaka ua, nimerudi. Jagi nimelitupa chooni.

Jumatano, 15 Mei

Amekuja! Amesimama mlangoni, akasema, "Niko sawa. Kupe ndio sina." Nimecheka mpaka nikalia. Chai amekataa. Ana haki.

Anasema madaktari wa macho watakuja hospitali ya misheni Jumanne. Ni mtoto wa jicho, anasema, mjomba wake Ogeto alikuwa na ugonjwa huo, wakautoa, sasa anatia uzi kwenye sindano. Kisu ndani ya jicho nikiwa macho! Nimemwambia nitafikiria. Akasema nifikirie nikitembea, jina langu aliandikisha jana.

Jumapili, 19 Mei

Jina langu limesomwa kanisani pamoja na wagonjwa wengine wa kuombewa. Nani aliwatuma? Weldon atalisikia kabla ya giza.

Jumanne, 21 Mei

Niko kwa benchi, hospitali. Weldon alifika kabla yangu, amevaa koti. Wamenipima: jicho la kulia kwanza, leo hii. Presha 160 — ni woga, nimewaambia.

Sista amesoma masharti. Usiiname. Usibebe kitu. Usikae kwa moshi wa kuni. Matone mara nne kwa siku, mtu mwingine akutilie. "Mama, nyumbani unakaa na nani? Kama hakuna mtu, hatutoi leo."

Weldon ameshafungua mdomo: "Nitampeleka kwangu mjini, sista. Kila kitu kiko tayari." Kila kitu! Hata shamba amelipatia mtu, nimesikia kwa sauti yake.

Nikasema, "Nakaa na Bonareri."

Sijamwuliza. Ana nyumba yake, ana watoto, na juzi tu nilimpa sumu kwa kikombe. Weldon amesema, "Mama, usidanganye watu." Sista akafunga faili. "Huyo Bonareri yuko?"

Yuko, kule mlangoni; ndiye aliyenileta. Sista anamwendea sasa. Wamesimama pamoja, sista ananionyesha kwa kalamu. Bonareri amegeuka huku. Kutoka hapa ni nguo tu naona, ya kijani — uso siuoni, lakini sauti naisikia: "Ndiyo, sista. Tunakaa pamoja."