Sikio la Kulia

Jumatano, 5 Juni 2024
Mazoezi yameharibika. Mashindano ya jimbo yamekaribia na soprano wanaimba chini ya noti. Nimerudia, nimerudia — wapi. Mwisho nikamsimamisha Goodness, kiongozi wao, nikamwambia mbele ya kwaya nzima kwamba yeye ndiye anayewavuta chini. Akakunja karatasi zake akaondoka. Sifael, mpiga kinanda wetu, akaninong'oneza kuwa soprano wako sawa na kinanda. Basi na kinanda nacho kibovu!

Alhamisi, 6 Juni
Nimepakua app ya kupimia sauti. Inahesabu mawimbi kwa sekunde. Fizikia ninayofundisha mwenyewe kidato cha pili: mawimbi yakiongezeka sauti inapanda, yakipungua inashuka. Nikabonyeza noti ya A kwenye kinanda cha nyumbani. Simu ikasoma 440, ndiyo A yenyewe. Sawasawa kabisa. Mimi nasikia imeshuka!

Nikaziba sikio la kulia — noti safi. Nikaziba la kushoto — imeshuka, tena imepasuka kidogo. Noti moja, masikio mawili, sauti mbili.

Mume wangu ametoka kukata majani ya ng'ombe, akauliza mbona napiga noti moja tangu mchana. Nimemjibu vibaya.

Goodness hakukosea.

Jumamosi, 8 Juni
Hospitali, mjini. Foleni ndefu. Daktari kasema mawimbi yanayoingia ni yale yale, ila sikio la kulia linayasoma vibaya. Huenda ni yale mafua yaliyonilaza Mei. Huenda litapona, huenda lisipone. Huenda! Kanipa vidonge.

Jumatano, 12 Juni
Naandika kwenye benchi nje ya kanisa. Nimewapa mapumziko. Ukungu, baridi.

Jana nilipanda kwa kina Goodness. Alikuwa anakamua ng'ombe. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Akasema amesikia. Basi.

Leo amekuja. Nimeziba sikio bovu kwa pamba, lakini kwa sikio moja sijui nani yuko wapi. Alto na tenor wamekuwa uji mmoja. Nikasimamisha wimbo pale pale kwenye noti ya juu. Kwa mazoea tu. Goodness akanyoosha mkono, kwa adabu:

"Mwalimu, niimbe unavyosikia wewe, au ilivyo?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nikasema tupumzike. Sasa Sifael yuko mlangoni, anauliza aongoze yeye kipande hiki, au naingia. Ndani wameanza wenyewe, na hapa nje, kwa sikio zima, nasikia noti ya juu imesimama safi, bila mimi.