Maji Niliyonyima Picha

Jumanne. Jua limeamka na hasira, mimi pia. Hii simu naiongelesha inaandika, kwa hivyo makosa ni yake.

Mimi nilikuwa fundi wa picha, si hawa wa kubonyeza tu. Kutoka Mutomo mpaka Matinyani, harusi haikuanza kabla nifike. Pastor angeweza kuchelewa, mimi hapana. Kuna mzee nilimpiga picha safi mpaka mbwa wake akaibwekea. Uliza mtu yeyote. Wengi wamekufa, lakini uliza.

Kubonyeza ni kazi ndogo. Picha inatengenezwa kwa chumba cha giza. Pale nilikuwa nazuia taa na kiganja, uso wa bibi harusi usiive sana, suti ya bwana nayo isizame. Dawa ya kwanza inaleta sura, ya pili inaishikisha. Halafu unasuuza na maji safi, unamwaga, unaweka mengine, tena na tena, mpaka dawa yote itoke.

Hapo kwa maji ndio nataka kusema ukweli.

Leo Mama Mwende amekuja kutoka Kabati na picha yake ya harusi, ameifunga kwa leso. Bwanake tulimzika juzi juzi, na hiyo ndiyo picha pekee ya huyo mzee akiwa kijana. Amefungua. Yeye anaonekana. Bwana amekuwa doa la kahawia, kutoka kola kwenda juu.

"Baba Kioko, si uliniapia hii itabaki hata sisi tukienda?" ameniuliza akicheka. "Sasa mbona mzee ameniacha mara mbili?"

Nimecheka pia. Halafu nikamwambia ni jua. Nikamuuliza alikuwa ameiweka wapi, akasema kwa ukuta, karibu na dirisha. Nikatingisha kichwa kama daktari.

"Asi! Kumbe ni mimi nimemuharibu," akasema. Hakucheka tena.

Nimemwacha aende hivyo.

Sio jua. Mwaka wa harusi yao mto ulikauka, tulikuwa tunachimba mchanga na kungoja maji yajikusanye, kikombe kwa kikombe. Picha zote nilizisuuza kwa beseni moja, maji yale yale. Mke wangu aliniuliza mbuzi watakunywa nini, nikachagua mbuzi. Wakakufa tu. Dawa ikabaki ndani ya karatasi, ikaendelea kula polepole miaka hiyo yote, na mimi huku sokoni nikijisifu.

Alipoenda nimetafuta filamu yake kwa kopo, nimtolee picha nyingine. Nayo niliisuuza kwa hiyo beseni. Nimeiinua kwa mwanga, nikageuza huku na huku.

Uso haupo.

Sina sura ya kumrudishia huyo mama. Lakini hiyo lawama ameenda nayo si yake. Kesho naenda Kabati mapema, kabla ulimi wangu upate hadithi nyingine.