Picha Zilizokwama Ndani ya Kamera

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumatano, 14 Machi

Mpendwa mdogo wangu, Mtaalamu wetu,

Salamu tele zikufikie huko uliko. U hali gani? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Wifi yangu hajambo? Na mapacha wameacha kung'atana? Sisi huku tunaendelea, ila upande wa kushoto wa baba bado umelala tangu kile kiharusi. Anakula vizuri, ananuna vizuri, na mkono wa kulia bado unashika gundi ya viatu kama enzi za kibanda chake. Kikombe, stuli, kandambili zangu, chochote kikilegea humu ndani kinagundishwa kabla sijaulizwa.

Simu zangu hupokei, na siku ukipokea unasema mtandao mbovu. Basi nimeona nikuandikie, maana barua haikatiki katikati ya maneno.

Sikuwa nimekwambia kwamba kuna gazeti lilikuwa linatafuta mpiga picha, nami nikaomba. Wakataka niwatumie picha nilizopiga mwenyewe, mwisho Ijumaa iliyopita. Unajua tangu baba aanguke mimi sitoki. Mshonaji wa jirani hukaa naye nikienda sokoni, na nikichelewa kidogo tu namkuta baba kageukia ukutani, hasemi na mtu. Kwa hiyo picha zote nilizipigia dirishani: wabeba mizigo, wanafunzi wakigombania mwavuli, yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara akijinyoa mwenyewe kwa kukosa wateja. Zilikuwa nzuri, nasema bila haya.

Sasa njoo kwenye kamera. Kile kimlango kinachofunika kadi ya picha, baba alikigundisha. Alisema kimelegea, kadi itadondoka. Gundi ile unaijua, soli ikishikwa nayo haibanduki mpaka kiatu kioze. Kadi ikawa haitoki tena, ikabaki njia moja, waya mpaka kwenye kompyuta yako. Naiita yako kwa sababu ni wewe uliyeng'oa mfumo wa zamani ukaweka Linux, ukaniahidi virusi vitaisha. Vimeisha kweli, na mimi nusura niishe navyo.

Nilichomeka waya, nikafungua programu ya picha, ikasema haiwezi kuifungua kamera. Nikabadilisha waya. Nikachaji betri. Nikazima kila kitu nikawasha upya. Nikaandika ile amri uliyonifundisha, lsusb, inayoonyesha vifaa vilivyochomekwa, na kamera hiyo hapo, kwa jina lake kamili. Kompyuta inaiona, ila haiifungui. Mdogo wangu, nililia, sikufichi. Kukaa ndani nimeshazoea, lakini na picha nazo zikae ndani? Mafundi wako mjini, kwenda na kurudi ni nusu siku, na nusu siku yangu mwenyewe sina.

Nilipochoka kulia nikausoma ule ujumbe mpaka mwisho, jambo ambalo unanisema kila mara kwamba silifanyi. Ujumbe wenyewe ulisema kamera inatumiwa na programu nyingine. Kumbe kila nikichomeka waya, ile programu ya mafaili inawahi kuidaka kamera bila kuombwa, halafu haiiachii. Nikaingia kwenye mafaili, nikabofya palipoandikwa kuondoa kifaa, waya nikauacha palepale, kisha nikafungua programu ya picha. Zikaja zote, hata zile mbaya. Alhamisi mchana nikazituma.

Jana wamenijibu. Kazi nimepata. Naanza mwezi ujao, na ni kazi ya kuzunguka mitaani kutwa nzima.

Nilimwambia baba akinywa chai. Hakunipongeza. Alisema, "Kile kimlango hakikuwa kimelegea." Nikadhani sikusikia vizuri. Akasema, "Nilikusikia ukiongea na hao watu wa gazeti. Ukienda, mimi nabaki na nani?"

Hasira ilinipanda. Lakini chai ilikuwa inamchuruzika kidevuni, na hawezi kujifuta huku ameshika kikombe, nikamfuta. Tangu hapo hatujalizungumza tena.

Sikuombi ushauri. Njoo, mdogo wangu, kabla mwezi haujaisha, uje ukae naye tupange zamu kama watoto wa mtu mmoja. Nikiikosa kazi hii sitapata nguvu ya kuomba nyingine, na nitaanza kumchukia baba, nami sitaki kumchukia.

Msalimie sana wifi, nibusie mapacha, na shangazi ukimpigia mwambie goti lake namwombea. Mungu akupe afya na akufungulie njia ya kuja.

Samahani kwa mwandiko, karatasi inateleza. Naandika kwa mkono mmoja. Ule mwingine ameushika baba, amesinzia, na kila nikijaribu kuuchomoa polepole, anaukaza.

Dada yako akupendaye siku zote.