Safari ya Kukataa Posa

Jumamosi, 2 Agosti. Mombasa
Leo tena Marikiti. Halua, tende, biskuti, mikate ya mofa ya kukausha. Dada yangu Zuhura anapanga begi huku anaguna. Kwani Brazili hakuna chakula? Kipo, ila mimi sitakila. Kwetu mwenye binti hatii kitu mdomoni kwa waposaji mpaka atoe jawabu. Akishaonja chao, amekubali. Ndivyo alivyotulea baba, nami sina nia ya kukubali.

Raya ni mtoto wa marehemu ndugu yangu. Nimemlea tangu ana miaka saba, na mimi ndiye walii wake wa kumuoza. Amekwenda huko kusomea mikoko, kana kwamba ya Tudor hapa kwetu haitoshi, na sasa ameposwa na dereva wa mashua. Mbrazili. Amesilimu, eti. Zuhura ameniambia neno moja tu: "Enda kaka, lakini usende ukamliza mwana." Sitamliza. Nitakataa kwa adabu, kisha nirudi naye nyumbani.

Jumanne, 5 Agosti. Aracaju
Ndege tatu. Miguu imevimba. Huu ndio mji mkuu wa Sergipe, jimbo dogo kuliko yote nchini humu, na udogo wake unaonekana. Nimezunguka nusu ya dunia nije nitazame minazi. Joto lile lile la kwetu. Bahari ina rangi ya chai ya maziwa.

Raya amekonda. Alinibusu mkono, akalia kidogo. Nikajifanya natafuta begi.

Jumatano, 6 Agosti
Wanajivunia kaa. Watu wazima wameketi mezani wanagonga kaa kwa vinyundo vya mti, mchuzi unawachuruzika mpaka viwikoni. Wamemjengea na sanamu. Kaa! Sisi hatumli, wala hatumwamkii.

Mchumba alikuja jioni. Zamani Edivaldo, sasa Idrisa. Mrefu, mkimya, kavaa kanzu inayomwishia kwenye muundi. Akaniambia "sabalkheri". Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Raya alimtazama kama amesoma khutba.

Ijumaa, 8 Agosti
Msikiti wao ni chumba juu ya duka la viatu. Imamu ni Msenegali. Baada ya swala nilimwambia Idrisa anisomee Fatiha. Nilitaka akosee. Hakukosea, na hilo limeniudhi zaidi.

Nikamuuliza, Raya akitafsiri, atamlisha nini mkewe. Akasema: anachokula yeye. Jibu hilo limo katika hadithi za Mtume. Sijui nani kamfundisha.

Chakula changu nakula chumbani. Mofa zimekuwa ngumu kama vigae.

Jumamosi, 9 Agosti
São Cristóvão, mji wao wa kale. Kale gani! Kiwanja, makanisa, nyumba za rangi ya peremende. Wareno ndio walioujenga, na mtu aliyetutembeza alikuwa akiwataja Wareno kwa heshima, kama anayemtaja babu yake. Sisi tuliwatimua. Tukabaki na ngome na maneno yao machache, meza na leso tu. Hawa waliwaacha wakae, na matokeo ndiyo haya.

Wala hakuna kichochoro hata kimoja cha maana. Njia pana, jua la utosini. Kwetu mtu hutoka msikiti huu akafika ule bila kuacha kivuli. Nikajikuta namweleza Raya njia ya nyumbani, pembe kwa pembe, kana kwamba haijui. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Jumatatu, 11 Agosti. Brejo Grande
Mwisho wa jimbo, kwenye mikoko anayoisomea Raya. Muda wa saa tatu garini, miwa na matope, matope na miwa. Mto mkubwa, feri ndogo. Gari nne na punda, nao wanaiita feri. Watu wa feri yetu ya Likoni wangeanguka kwa kicheko.

Tende zilikwisha jana. Njaa imenikamata. Mle ferini mama mmoja mnene, kilemba cheupe kichwani, anauza kashata za nazi. Kashata hasa, za sukari guru. Alinipa moja nionje. Nikala. Nikala ya pili, na ya tatu. Nikatoa pesa, akakataa, akajipiga kifuani akicheka. Nikamwambia Raya hiki ndicho kitu cha kwanza chenye akili nilichokiona katika nchi hii. Raya akatazama maji.

Kisha Idrisa akaja, akambusu yule mama shavuni. Mamake.

Nimekula chao. Mara tatu.

Jumanne, 12 Agosti
Nimemkaripia Raya. Alijua, akaninyamazia. Nikasema cha ferini si cha nyumbani, hakihesabiki. Nilijisikia nikisema, na niliona haya.

Akanijibu: "Ami, siku saba watafuta ila ya mtu. Nitajie moja."

Kanzu fupi si ila.

Lililonichoma ni lile alilolisema baadaye, kwa upole. Msenegali yuko tayari kumuoza pasi na mimi, yeye kamkatalia. Bila mimi haolewi. Nikisema hapana, atafunga begi arudi Mombasa, na hatanilaumu. Ni jambo lile lile nililolifuata huku, limewekwa mkononi mwangu.

Naandika kweli kwa kuwa hapa hakuna msomaji. Kijana huyu simchukii. Naiogopa nyumba. Zuhura na redio yake, mimi na magazeti yangu, mpaka mmoja afe.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimemuoza.

Mkono wa Idrisa ni mgumu, una makovu ya magando ya kaa. Jina la marehemu ndugu yangu nililirudia mara mbili. Imamu akangoja.

Karamu mbovu. Wali umeshikana, maharagwe kila sahani, kuku kachinjwa vizuri lakini hana ladha. Nimekula sahani mbili.

Jumapili, 17 Agosti
Njiani kwenda uwanja wa ndege Raya kaniambia kapata kazi. Mikoko yao, huko huko. Kazi ya kudumu, harudi kukaa Mombasa. Akaniomba nimwambie mwenyewe shangazi yake Zuhura, yeye hana ujasiri. Nikasema vyema.

Jumanne, 19 Agosti. Mombasa
Nimefika jana. Wazee wamekuja barazani kuuliza habari za Brazili. Nikawaambia: matope, kaa na Wareno. Wamecheka sana.

Zuhura ameamka alfajiri kupaka chokaa chumba cha Raya, ili akija na mumewe wakikute cheupe. Kapanda ngazi kwa umri ule. Ananiuliza watakuja kabla ya Ramadhani au baada. Anataka kujua kama kitanda kile kitawatosha watu wawili. Nimemwambia kitatosha.

Nimemshikia ndoo mpaka adhuhuri.